Misuli inapolegea kwa mwenye baridi yabisi: chanzo kwanza, dawa baadaye

Mwambie mgonjwa akae kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, kisha asimame bila kujishikilia popote. Ndani ya sekunde chache utaona mengi. Mwenye magoti yanayouma atakunja uso, atasita, kisha atanyanyuka. Maumivu yamemchelewesha, lakini nguvu anayo. Mwingine hakunji uso hata kidogo. Anainama mbele, makalio yanaachana na kiti kwa upana wa vidole viwili, halafu anarudi chini. Anajaribu tena kwa kujirusha. Mara ya tatu mikono inajifungua yenyewe na kushika mapaja, na ndipo anapanda taratibu, kiganja baada ya kiganja, kama mtu anayeuparamia mwili wake mwenyewe.

Huyu wa pili ana jambo jingine zaidi ya viungo. Tatizo lake ni misuli iliyoishiwa nguvu, na kama anajulikana kuwa na baridi yabisi, kuna hatari kubwa kwamba hakuna atakayelitambua. Akisema ngazi zimekuwa mlima, au mkono haufiki kichwani kuchana nywele, jibu la haraka ni kwamba ugonjwa wake wa zamani umeamka. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Wapo wachache, hata hivyo, ambao kinga yao ya mwili imeacha kushambulia viungo peke yake na kuanza kuila misuli. Hali hiyo kitaalamu huitwa miositisi.

Makala haya yanawahusu hao wachache. Ninachotaka kieleweke ni kwamba kwa mwenye baridi yabisi aliyelegea misuli, kazi kubwa ya tiba hufanyika kabla dawa haijaandikwa. Sababu yake ni kwamba dawa inayotibu chanzo kimoja cha udhaifu ndiyo hiyohiyo inayozalisha chanzo kingine.

Uvimbe usiopapasika

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema misuli imevimba, hatumaanishi donge linaloshikika kwa mkono. Paja la mwenye miositisi linaweza kuonekana la kawaida kabisa, au hata limepungua. Uvimbe huo uko ndani: chembechembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, zimejipenyeza katikati ya nyuzi za misuli na kuzishambulia kana kwamba ni adui. Uzi unaokufa hupasuka na kumwaga kwenye damu vitu vilivyokuwa ndani yake. Kimojawapo ni kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho maabara hukiandika kwa herufi CK. Kwenye miositisi kali kiwango chake huweza kupanda mara 10, hata 50, juu ya kile cha kawaida.

Misuli inayoshambuliwa zaidi ni ile iliyo karibu na kiwiliwili: nyonga, mapaja, mabega, shingo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufunga vifungo vya shati bila shida, lakini akashindwa kuliinua koti lake hadi kwenye ndoano. Pande zote mbili hulegea kwa pamoja, na hali huzidi kwa wiki na miezi, si kwa siku moja. Maumivu huwa madogo au hayapo kabisa. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa aliyezoea baridi yabisi amefundishwa miaka yote kupima ugonjwa wake kwa maumivu. Akiulizwa "unaumwa?" atasema hapana. Swali linalomfaa ni "kitu gani ulikuwa ukikiweza mwezi jana ambacho leo hukiwezi?"

Baridi yabisi yenyewe si ugonjwa wa nadra. Hukadiriwa kuwa humpata takriban mtu mzima 1 kati ya kila 100 hadi 200, na wanawake ni mara mbili au tatu ya wanaume. Miositisi ni adimu. Wagonjwa wake wapya kwa mwaka huhesabiwa kwa kila watu milioni, na ni wachache tu. Daktari anaweza kutibu baridi yabisi kwa miaka mingi bila kukutana na mtu mwenye yote mawili, na asichokizoea ni rahisi kukipita.

Miositisi nayo ni ukoo, si ugonjwa mmoja. Dermatomiositisi huja na dalili za ngozi: kope za juu hubadilika rangi, na mabaka huota juu ya vifundo vya vidole, viwiko na magoti. Vitabu vingi huandika kwamba mabaka hayo ni mekundu, ila kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama zambarau iliyokolea, au weusi, au hata weupe wa kovu, na mtu anayetafuta wekundu tu hatayaona. Kuna aina nyingine ambayo nyuzi za misuli hufa kwa wingi huku chembechembe nyeupe zikiwa chache, nayo hupandisha CK hadi maelfu. Na kuna aina ya wazee, mara nyingi wanaume waliopita miaka 50, inayokula misuli ya mbele ya paja pamoja na ile ya kukunja vidole. Hii ya mwisho nitairudia, maana haisikii dawa ambazo nyingine zinazisikia.

Pale baridi yabisi inapokuwa jina lisilo sahihi

Mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kweli, yakapishana ndani ya mwili mmoja. Mgonjwa mwingine hakuwahi kuwa na baridi yabisi tangu mwanzo, au hakuwa nayo peke yake. Ugonjwa wake uliingia kwa mlango wa viungo, ukapewa jina la mlango.

Mfano mkubwa ni hali ambayo mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya vimeng'enya vinavyoitwa sinthetesi, ambavyo kila seli huvitumia kutengenezea protini. Kingamwili inayopatikana zaidi katika kundi hili huitwa Jo-1. Mgonjwa huanza na vidole vilivyovimba na kukakamaa asubuhi. Anapimwa, huenda kipimo cha baridi yabisi kinasoma chanya, anaanzishiwa dawa. Baada ya miezi au miaka ndipo mengine yanajitokeza: kikohozi kikavu kisichoisha, pumzi kukatika akitembea haraka, vidole kubadilika rangi akishika kitu cha baridi, homa zisizo na sababu. Ngozi ya pembeni mwa vidole huwa ngumu na kupasukapasuka, kama ya fundi magari aliyeshinda kutwa kwenye grisi. Misuli inaweza kulegea mwanzoni, baadaye, au isilegee kabisa.

Ukiniuliza ni dalili ipi kati ya hizo isipuuzwe, nitakwambia ni pumzi. Katika kundi hili kinachoamua maisha ya mgonjwa mara nyingi ni mapafu, ambayo tishu zake huvimba na kisha kuweka makovu. Baridi yabisi nayo inaweza kuharibu mapafu kwa namna inayofanana, kwa hiyo kikohozi kinapata maelezo rahisi na uchunguzi unaishia hapo. Inafaa kila mwenye baridi yabisi aliyeongeza udhaifu wa misuli na kukatika pumzi apimwe kingamwili za miositisi na kupigwa picha ya CT ya kifua, hata kama faili lake la miaka kumi limeandikwa baridi yabisi juu yake.

Si kila udhaifu ni miositisi

Sasa upande wa pili wa mizani. Kwa kuwa miositisi ni adimu, wengi wa wenye baridi yabisi waliolegea hawana miositisi, na kuwapa dawa zake kutawaumiza.

Wengine wamepoteza misuli kwa sababu viungo vinavyouma havitumiki, na kwa sababu uvimbe wa miaka mingi unaichoma nyama ya mwili kidogo kidogo. Wengine wana upungufu wa vitamini D, au tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno, na hali hiyo huweza kupandisha CK pia. Kuna na tatizo la shingo ambalo ni la hatari: baridi yabisi ya muda mrefu huweza kulegeza kano zinazofunga pingili mbili za juu kabisa, pingili ikateleza na kubana neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mgonjwa wa namna hiyo atalegea miguu, lakini pia atahisi ganzi, mikono itapoteza ustadi, na huenda akashindwa kuzuia mkojo. Huyo hahitaji steroidi, zile dawa kali za kuzima uvimbe. Anahitaji picha ya shingo haraka na daktari wa upasuaji.

Halafu zinakuja dawa zenyewe. Hidroksiklorokwini, wanayoitumia wengi wenye baridi yabisi, kwa nadra hulegeza misuli huku CK ikibaki ya kawaida au ikipanda kidogo tu; ikisimamishwa, nguvu hurudi taratibu kwa miezi. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, huleta maumivu ya misuli ambayo kwa kawaida huisha mgonjwa akiziacha. Kwa wachache mno, statini huamsha kingamwili dhidi ya kimeng'enya kiitwacho HMGCR, na hapo ugonjwa huendelea hata baada ya kidonge cha mwisho. Alama ya kumtambua huyu iko wazi: ameacha statini, wiki zimepita, CK bado iko kwenye maelfu na mapaja yanazidi kulegea. Anahitaji tiba kamili ya miositisi, na statini asirudishiwe tena. Dawa za kuzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe, ambazo zimewarudishia wengi wenye baridi yabisi matumizi ya mikono yao, nazo zimeripotiwa kuamsha miositisi kwa watu wachache.

Dawa inayosumbua kuliko zote ni steroidi. Prednisoloni, steroidi ya vidonge, ikitumika kwa dozi kubwa kwa wiki kadhaa hupunguza unene wa nyuzi za misuli, hasa zile za nguvu za ghafla, za kunyanyuka na kupanda. Mgonjwa hulegea nyonga na mapaja, bila maumivu, palepale panapolegezwa na miositisi. Kinachovitenganisha ni kwamba kwenye udhaifu wa steroidi CK huwa ya kawaida, na picha ya MRI haionyeshi maji ya uvimbe ndani ya msuli.

Chukua mgonjwa mmoja wa kufikirika, kilo 60. Ana baridi yabisi, analegea, CK yake ni 4,000. Anaanza prednisoloni ya milligramu 60 kwa siku. Baada ya wiki sita CK imeshuka hadi 150, ambayo ni kawaida, na ameanza kupanda ngazi. Wiki ya kumi anarudi akilalamika kwamba miguu imelegea tena. Wa kwanza kumwona atasema ugonjwa umerudi, tuongeze dozi. Wa pili atapima CK, ataona bado ni 150, atatazama dozi ambayo haijapunguzwa ipasavyo, na atasema tuipunguze. Mgonjwa ni mmoja na lalamiko ni moja, ila matibabu yanapingana moja kwa moja. Mmoja wao atamnyanyua mgonjwa, mwingine atamlaza. Kama kuna jambo moja ningependa kila anayemuuguza mwenye baridi yabisi alikumbuke, ni mfano huu.

Mtego wa vipimo vya ini

Kuna mtego mwingine mdogo unaonasa hata walio makini. Mwenye baridi yabisi anayetumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, hupimwa damu kila baada ya muda kuangalia ini, na vimeng'enya vinavyotazamwa ni ALT na AST. Vimeng'enya hivyo haviko kwenye ini pekee. Misuli nayo inavyo. Misuli ikiharibika, ALT na AST hupanda, na anayesoma karatasi ya maabara huona ini lililochoka. Methotreksati inasimamishwa. Kumbe ini ni zima, na dawa iliyosimamishwa ilikuwa inamlinda kwa viungo na ingemfaa kwa misuli pia. Wiki zinapita mgonjwa akifanyiwa ultrasaundi ya ini.

Kujinasua ni rahisi: pima CK kwenye damu ileile. Pima pia GGT, kimeng'enya ambacho hakitoki kwenye misuli. ALT ikiwa juu, GGT ya kawaida na CK ya juu, lawama si ya ini. Jambo la aina hiyohiyo hutokea kwa kipimo cha moyo kiitwacho troponini T, ambacho huweza kupanda kwa sababu ya misuli ya mapaja tu. Troponini I ndiyo inayoaminika zaidi kuusemea moyo kwa watu hawa.

Picha ya MRI ya mapaja huonyesha ni misuli ipi imevimba na ipi imeshageuka mafuta, na humwelekeza daktari mahali pa kuchukua kipande kidogo cha msuli cha kutazamwa kwa hadubini. Kipande hicho hakihitajiki kwa kila mtu. Mwenye mabaka halisi ya dermatomiositisi na kingamwili zinazolingana nayo anaweza kutibiwa bila kukatwa. Kwa mwenye baridi yabisi ambaye hana mabaka na kingamwili zake hazieleweki, mimi naona kipande hicho ni cha thamani, kwa sababu kinatenganisha mambo manne au matano ambayo kwa nje yanafanana. Na kwa wenye dermatomiositisi kuna uchunguzi usioweza kurukwa, nao ni wa saratani, hasa ndani ya miaka mitatu tangu ugonjwa uanze. Baadhi yao, hususan wenye kingamwili ya TIF1-gama, huwa na saratani iliyojificha.

Tiba yenyewe

Mwezi Septemba 1948, kwenye Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi sindano za dawa iliyokuja kuitwa kotisoni. Ndani ya siku chache mtu aliyekuwa hawezi kutoka kitandani alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Furaha ile ilifuatwa na majonzi, kwa kuwa dozi kubwa za muda mrefu zilileta mifupa myepesi, kisukari, maambukizi, na misuli iliyonyauka. Tiba ya miositisi mpaka leo inatembea juu ya kamba hiyohiyo.

Steroidi ndiyo huanza, kwa sababu hakuna kidonge kinachozima moto wa misuli kwa haraka kama hicho. Dozi ya kawaida ni nusu milligramu hadi milligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maana yake milligramu 30 hadi 60 kwa yule mtu wa kilo 60. Linganisha na milligramu 5 au 10 ambazo mwenye baridi yabisi huenda amezizoea. Ni lazima aelezwe mapema kwamba hii si dozi ile. Hali ikiwa kali, yaani hawezi kumeza, pumzi inapungua, au mapafu yanavimba kwa kasi, huanzishiwa methilprednisoloni kwa mshipa, milligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, siku tatu mfululizo. Baada ya wiki mbili hadi nne, dozi huanza kushushwa kwa ngazi. Na steroidi isisimamishwe ghafla kamwe baada ya wiki nyingi, kwa kuwa tezi za juu ya figo zimeshalala na zinahitaji muda kuamka.

Ili dozi ishuke bila ugonjwa kurudi, dawa ya pili huanza mapema, mara nyingi siku zilezile. Hapa mwenye baridi yabisi ana bahati kidogo, kwa kuwa dawa kadhaa zinahudumia viungo na misuli kwa pamoja. Methotreksati ni ya kwanza kufikiriwa. Hutolewa mara moja kwa wiki, hadi milligramu 25, pamoja na asidi ya foliki, na huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha kazi. Narudia: mara moja kwa wiki. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, kwa sababu tu kifungashio kiliandikwa kwa haraka au ndugu aliyekuwa anampa dawa hakuelezwa. Chagueni siku moja, iandikwe kwa jina lake kwenye kopo.

Kama mapafu yameguswa, wataalamu wengi huegemea mikofenoleti, takrolimusi au rituksimabu badala ya methotreksati, ambayo kwa nadra yenyewe huvimbisha mapafu na kuvuruga tafsiri ya kikohozi kipya. Azathioprini ni chaguo jingine la siku nyingi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa anayetaka kushika mimba, kwa kuwa methotreksati na mikofenoleti humdhuru mtoto tumboni. Lakini mwenye kutumia alopurinoli kwa ajili ya jongo aitaje kabla ya kuandikiwa azathioprini. Zikikutana bila dozi kupunguzwa, uboho huacha kutengeneza damu.

Rituksimabu inastahili aya yake. Hii ni dawa ya mshipa inayoondoa seli B, zile zinazohusika na kutengeneza kingamwili. Iliidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi mwaka 2006, kwa wale ambao dawa za TNF hazikuwasaidia. Kwa miositisi ilifanyiwa jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 200 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Kundi moja lilipewa mapema, lingine wiki nane baadaye, na tofauti iliyotarajiwa kati ya makundi hayo haikuonekana. Kwa kanuni za utafiti, jaribio halikufikia lengo lake. Hata hivyo asilimia 83 ya waliotathminiwa walipata nafuu kabla jaribio halijaisha, na wenye Jo-1 walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Ndiyo maana kwa mtu mwenye viungo vilivyovimba, misuli iliyolegea na mapafu yaliyoguswa, dawa hii hufikiriwa mapema, kwa kuwa inagusa vyote vitatu. Kabla ya kuitoa ni lazima apimwe homa ya ini ya B, ambayo huweza kuamka kwa nguvu seli B zikiondolewa.

Kwa dermatomiositisi ushahidi ulio imara zaidi wa miaka ya karibuni ni wa imunoglobulini ya mshipa, ambayo ni kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wachangiaji wengi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 95 walipewa ama dawa hiyo ama maji yasiyo na dawa. Kufikia wiki ya 16, asilimia 79 ya waliopewa dawa walikuwa na nafuu, dhidi ya asilimia 44 ya wenzao. Ina faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba haishushi kinga, kwa hiyo humfaa anayepambana na maambukizi, na pia anayeshindwa kumeza. Ubaya wake ni gharama, saa nyingi za kukaa na dripu, na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Dawa za kuzuia JAK, vimeng'enya vinavyopitisha ishara za uvimbe ndani ya seli, zilizoanza kwa baridi yabisi mwaka 2012 na tofasitinibu, zinatumika pia kwa baadhi ya wenye dermatomiositisi, ingawa waliozidi miaka 50 na wavutaji sigara wanahitaji tahadhari ya moyo na saratani. Na tangu 2023 madaktari wa Ujerumani wamechapisha habari za wagonjwa wachache wa kundi la Jo-1 waliotibiwa kwa seli zao wenyewe zilizofundishwa maabara kuziwinda seli B, wakapata nafuu kubwa. Inatia moyo sana, ila ni wachache mno kujengea ahadi.

Kinachoandamana na dawa

Mtu mwenye dozi hizi anahitaji ulinzi wa mifupa, yaani kalisi, vitamini D na mara nyingi dawa ya kuimarisha mifupa. Mwenye baridi yabisi mifupa yake ilikuwa tayari hatarini. Anahitaji kupimwa kifua kikuu na kupewa chanjo zake mapema, ila si zile zenye vijidudu hai.

Wengine hupewa kotrimoksazoli ya kuzuia nimonia ya fangasi. Hapa kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: kotrimoksazoli na methotreksati zote hubana njia ileile ya folati, vitamini inayohitajika kutengeneza damu, na zikikutana mwilini zinaweza kuua uzalishaji wa damu. Vidonda vya mdomo vya ghafla, homa na michubuko kwa mtu mwenye dawa hizo mbili ni dharura ya siku hiyohiyo. Mara nyingi mwandishi wa dawa ya pili hakujua ya kwanza. Aliyekuja na mkojo unaochoma alipewa kidonge cha kawaida kabisa. Mwenye methotreksati aitaje kwa kila anayemwandikia au kumuuzia dawa yoyote.

Koo nalo ni msuli. Anayekohoa kila akinywa maji, au ambaye chakula kinakwama na vichomi vya kifua vinamrudia, apimwe jinsi anavyomeza, ale akiwa ameketi wima, na chakula kilainishwe mpaka nguvu irudi. Anayeshindwa kulala chali kwa kukosa hewa, au anayeamka na kichwa kizito kila asubuhi, huenda misuli yake ya kupumulia imechoka, na hilo halisubiri miadi ya mwezi ujao.

Kisha mazoezi. Kwa miongo mingi wagonjwa wa miositisi waliambiwa wapumzike, kwa hofu kwamba kuutumia msuli uliovimba ni kuupasua. Watafiti wa Sweden, wakiwemo Helene Alexanderson na Ingrid Lundberg wa Taasisi ya Karolinska, ni miongoni mwa walioonyesha kinyume: mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa hayazidishi uvimbe, na yanarudisha nguvu ambayo dawa peke yake haiirudishi. Kwa mwenye baridi yabisi mpango huo unahitaji ustadi, kwa sababu bega linalopaswa kuimarishwa ndilo lenye kiungo kibovu. Fiziotherapia nzuri huanza chini kabisa: kunyanyua mguu kitandani, kusimama kutoka kwenye kiti kirefu, kisha kiti kifupi zaidi wiki inayofuata. Uchovu wa saa moja au mbili ni kawaida. Udhaifu unaobaki mpaka kesho yake unasema kipimo kilizidi, kipunguzwe, kisiachwe.

Na yule mzee wa mapaja na vidole, niliyeahidi kumrudia. Aina yake haijapata dawa inayoizuia, na steroidi humwongezea madhara bila kumpa nguvu. Akitambuliwa mapema anaokolewa na miaka ya vidonge visivyomsaidia, na juhudi zinaelekezwa kwenye mazoezi, kifaa cha kushikilia goti lisikunjike ghafla, na uangalizi wa kumeza. Ukiona mtu ametibiwa miositisi kwa mwaka mzima, CK imeshuka, ila hawezi hata kukunja vidole kushika kikombe, fikiria upya jina la ugonjwa.

Hilo linaturudisha kwenye namna ya kupima nafuu. CK hutangulia, inaweza kushuka wiki kadhaa kabla nguvu haijarudi, na kwa baadhi ya wenye dermatomiositisi haikupanda tangu mwanzo. Kuongeza dozi kwa ajili ya namba tu huku mgonjwa akizidi kupata nguvu ni kumtibu karatasi ya maabara. Kipimo cha bure kipo nyumbani: kiti kilekile, saa ileile ya siku, mikono kifuani, uhesabu mara ngapi mtu anasimama na kukaa kwa sekunde 30. Iandikwe kwenye daftari kila wiki, na kando yake dozi ya siku hiyo. Tatu, tatu, tano, nane. Daftari hilo likifika mbele ya daktari siku anayotaka kubadilisha dozi, ataona kama nguvu ilishuka baada ya vidonge kupunguzwa au wakati vikiwa bado vingi, na ataagiza CK akijua anatafuta jibu la swali gani.